Siku ya Kuwa Pori

Ardhi ilikuwepo, na watu walikuwepo juu yake. Ramani ilipochorwa ikasema ardhi ndiyo, watu hapana. Anayetaka kubisha akabishane na ramani. Mimi naripoti tu.

Nchi yenyewe siitaji. Kule ukikosea jina la nchi unashtakiwa kwa dharau, ukilipatia unashtakiwa kwa uchochezi, na sakafu za makosa yote mawili nimeshazilalia. Elimu yangu nimeiokota kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, ndiyo maana habari zangu nyingi zina mafuta na hazina mwisho. Hii mwisho wake ninao.

Katika nchi hiyo lilikuwepo Jiji, na Jiji lilikuwa na Idara ya Mambo ya Baadaye, jengo la ghorofa tisa ambalo lifti yake iliharibika mwaka ule wa unga wa njano na ikapangiwa matengenezo katika awamu ya tatu. Idara hiyo ndiyo iliyoandaa Mpango Mkuu wa Miaka Hamsini. Kuuandaa kulichukua miaka kumi na moja, kwa hiyo siku unazinduliwa ulikuwa umebakiwa na thelathini na tisa, na wakubwa wakapongezana kwa kuokoa muda.

Mtaalamu aliyetumwa kuitazama sehemu yetu, Mchongomani, alikuja Ijumaa saa saba mchana. Ijumaa saa saba wanaume wako msikitini, wanawake wako bondeni kwenye mchicha, na Wakristo wetu wamelala kwa sababu ya jua. Mtaalamu hakushuka kwenye gari. Aliteremsha kioo, akaona mbuzi wa Bi Somoe, akaandika: "Wanyamapori wachache." Akaziona nyumba zetu za udongo, akaandika: "Vichuguu vingi." Akapandisha kioo kwa sababu ya vumbi. Ramani ilipotoka, sisi tulikuwa rangi ya kijani iliyopauka, na pembeni maana ya rangi hiyo ilikuwa imeelezwa: Eneo la Akiba Namba Tisa. Ardhi isiyoendelezwa. Itatumika baadaye.

Tulikuwa kaya sabini na nne. Tulikuwa na msikiti, kisima, mashine ya kusaga, na ugomvi wa mpaka wa miaka ishirini kati ya Mbaruku, fundi baiskeli, na shemeji yake. Mimi nilidhani mahali penye ugomvi wa mpaka pameendelea.

*

Sheria ilisema ardhi ya akiba ikaguliwe kila mwaka, kuhakikisha kwamba haijaendelea bila ruhusa. Mwaka wa kwanza akaja kijana wa Idara, Ndugu Lihanda, mwembamba, viatu vimemzidi. Akapita mlango hadi mlango na faili lake, akitikisa kichwa kama daktari aliyeitwa kwa kuchelewa.

"Wazee wangu," akasema, "mnaniharibia ramani."

Bi Somoe binti Likwata, ambaye mumewe ndiye aliyechimba kile kisima, akamuuliza, "Baba, ramani imetukuta, au sisi tumeikuta?"

"Shangazi, ramani imepitishwa na Baraza la Jiji. Nyinyi mmepitishwa na nani?"

Tukatazamana. Kwa kweli hatukuwa tumepitishwa na mtu. Tulikuwa tumezaliwa tu.

Lihanda hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, kwa sababu msomaji akimtafuta mtu mbaya katika habari hii atachoka. Aliketi kwenye kigoda cha Bi Somoe, akanywa maji ya kile kisima, akatupa njia. "Nikiandika mpo, keshokutwa linakuja tingatinga. Nikiandika hampo, mtakaa mpaka mzeeke. Sasa sikilizeni. Nitakuja Alhamisi ya pili ya mwezi wa sita, kila mwaka, saa nne asubuhi. Nikija nikute pori. Nikiondoka, mambo yenu siyajui."

Tukamshukuru. Tukampa jogoo. Bi Somoe ndiye aliyemkamata jogoo mwenyewe. Nalitaja kwa sababu siku hizi watu wanapenda kusema tulilazimishwa.

*

Kuwa pori si jambo la mchezo. Wengi mnadhani ukirusha majani mawili juu ya paa umemaliza. Mwaka wa pili na wa tatu tulifanya ovyo, Lihanda ikambidi ageuze uso mara nyingi mpaka shingo ikamuuma. Mwaka wa nne tukaunda Kamati ya Pori, yenye Mwenyekiti wa Nyasi na Katibu wa Vichuguu, na Mbaruku akakabidhiwa Sauti. Mbaruku aliweza kuiga mlio wa kanga, wa kwale, wa tumbili, na ukimnunulia chai, wa fisi aliye mbali.

Siku tatu kabla, mabati yalipakwa tope na kufunikwa nyasi. Milango iling'olewa, kwa sababu hakuna kitu kinachomsaliti binadamu kama mlango. Mashine ya kusaga ilivishwa matawi ya michongoma. Siku yenyewe watoto wachanga walipewa maji ya sukari walale, na sisi wengine tulilala kifudifudi kwenye matuta ya mihogo tangu saa tatu, tukisikiliza wakaguzi wakifungua soda.

Maana walikuja na hema. Mwaka wa kwanza Lihanda alikuja peke yake kwa baiskeli. Mwaka wa kumi na tano walikuwa wakaguzi arobaini na saba na mpishi wao, kwa kuwa pori lilikuwa limeonekana kuwa la kuaminika na kila idara ilitaka kulikagua. Mama mmoja wa Mazingira alikaa juu ya banda la kuku la shemeji yake Mbaruku, banda likalia chini yake. "Kwale," akasema, akaandika. Mwingine alinusa hewa, akasema pori hili lina harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Likaingia kwenye taarifa kuwa ni mmea adimu, na mwaka uliofuata akaja profesa kuutafuta. Akakaa siku nne. Siku nne, ndugu zangu, tumelala chini.

Mwisho wa ukaguzi ilikuwepo fomu. Fomu ilitaka mashahidi watatu, wakazi wa eneo husika, wathibitishe kwamba eneo husika halina wakazi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani sijaelewa kwa sababu sekondari sikuiona. Lihanda akanieleza kwa upole: mtu wa nje atajuaje kama hamna mtu? Anayejua ni yule anayekaa pale pale. Nikaona ni kweli. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko wa kusomeka, kila mwaka niliinuka kwenye matuta, nikajipangusa, nikaandika: *Sisi tuliotia saini hapa chini tunathibitisha kuwa hapa haishi mtu.* Akasaini Mbaruku, akasaini mwenye mashine. Kisha tukarudi kulala chini mpaka magari yaondoke.

*

Mume wa Bi Somoe, Mzee Mkumba, alifariki mwaka wa tisa wa Mpango, akazikwa nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka kwenye kisima chake. Lihanda alikuja kuhani, akala ubwabwa, akalia kama wenzake. Alipomaliza kulia akatuita pembeni. Kwa mujibu wa kanuni, akasema, kaburi ni ujenzi wa kudumu.

Basi siku ya pori kaburi nalo lilifunikwa. Kamati ilijitolea, Bi Somoe akakataa. "Simfunikishi mtu mwingine mume wangu." Alilisawazisha tuta kwa viganja vyake, akalitandaza majani makavu, akapanga matawi juu. Jioni, akiyaondoa, tulimsikia akizungumza: "Nisamehe, Mkumba. Nimekufunika tena kama kitu cha wizi."

Mwaka wa ishirini na mbili akachoka. Akasema anakwenda mjini kutafuta karatasi.

"Fidia sitaki," akasema. "Kiwanja cha mjini sitaki, nikakipeleke wapi? Nataka karatasi moja iseme Somoe binti Likwata anaishi Mchongomani, na akifa atalazwa ubavuni kwa mumewe. Nikishaipata hiyo, sifuniki tena."

Nikamsindikiza. Lifti ilikuwa bado inasubiri awamu ya tatu. Tulipanda ngazi mpaka ghorofa ya tisa, tukipumzika kila penye picha ya mkuu, na picha zilikuwa nyingi.

"Unaishi wapi, bibi?" karani akauliza.

"Mchongomani."

Akafungua jalada, akafuata mstari kwa kidole. "Mchongomani haishi mtu."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mwombaji."

"Huyo mwombaji analala wapi usiku?"

"Hilo ni swali la ghorofa ya saba."

Ghorofa ya saba walitaka barua ya majirani wawili. "Majirani zangu nao hawapo, mwanangu," Bi Somoe akasema. Basi alete wa karibu zaidi waliopo, wakamwambia. Wa karibu waliopo walikuwa kambi ya jeshi. Ghorofa ya tano walitaka picha ndogo nne. Ghorofa ya nne wakazitazama zile picha wakasema haionekani zimepigwa wapi. Ghorofa ya pili tukamkuta karani muungwana, mwenye mvi, akampa kiti. Akavuta jalada lingine, akalifungua mbele yake.

"Bibi yangu, mimi ningekusaidia," akasema. "Lakini tazama mwenyewe. Watu wa huko huko kwenu wamesaini kwamba hamna mtu. Kila mwaka. Tena kwa mwandiko mzuri kabisa."

Bi Somoe hajui kusoma. Lakini mwandiko wangu anaujua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia barua za mwanawe aliyekuwa machimboni. Akautazama muda mrefu. Akanitazama mimi. Akasimama, akamshukuru yule karani, tukashuka.

Tulipofika chini kabisa ndipo akasema, "Una herufi nzuri, baba."

Hakurudia tena neno hilo. Nami mwaka uliofuata nikasaini tena, kwa sababu nisiposaini lingekuja tingatinga. Nani angesaini? Niambieni.

*

Mwaka wa ishirini na tisa maendeleo yalitufikia, yakiwa ndani ya kioo. Idara ilifanya maonyesho mjini, na katikati ya ukumbi ikaweka mfano wa mji mpya utakaojengwa Eneo la Akiba Namba Tisa: majumba ya plasta, miti ya sponji, magari madogo kama kunguni. Wananchi wote walialikwa kutoa maoni. Maoni yalipokelewa katika kisanduku, na kisanduku kilikuwa hakina tundu.

Bi Somoe alikwenda na Mbaruku nami. Akakizunguka kile kioo mara mbili, akipima kwa macho: hapa korongo, hapa msikiti. Akasimama. Pale palipokuwa na kisima na Mzee Mkumba palikuwa na ziwa la rangi ya samawati, na kandokando ya ziwa watu wadogo wa plastiki, wengine wameshikana mikono, mmoja na mbwa.

"Mwanangu," akamuuliza binti mwenye sare, "hawa wanaishi hapa?"

"Ndiyo, bibi. Hao ni wakazi watarajiwa."

"Wana karatasi?"

"Wote tayari wana karatasi."

"Na mbwa?"

Binti akatazama orodha yake. "Na mbwa."

Mbaruku akacheka mpaka akashika kioo, askari akamtoa nje. Bi Somoe hakucheka. Aliinamisha uso karibu na kile kioo, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

*

Mwaka wa thelathini na moja Lihanda alikuja kabla ya siku yake. Sasa alikuwa na tumbo na miwani, amebakiza miezi minane astaafu. Tukakusanyika uani msikitini.

"Safari hii anakuja Waziri mwenyewe," akasema. "Na Mwekezaji. Mwekezaji ametaka kuiona ardhi kwa macho yake kwamba ni tupu, ndipo atie saini. Nawaombeni, iwe pori la kufa mtu."

"Akishatia saini, sisi tunakwenda wapi?" akauliza mwenye mashine.

"Mambo ya baadaye hayo."

"Wewe si ndiye wa Mambo ya Baadaye?"

Watu wakacheka. Lihanda akafuta miwani. Bi Somoe akasimama. Goti lilikuwa linamsumbua, akasimama kwa vipande.

"Mwaka huu tusijifiche," akasema. "Wakija watukute tumekaa. Chungu kiko jikoni, mlango uko mahali pake, kaburi limefagiliwa. Wenye nyumba sabini na nne na wake zao na wajukuu, wataandika vichuguu?"

Watu wakamgeukia Lihanda.

"Shangazi," Lihanda akasema taratibu, "mkionekana, jina lenu ni wavamizi. Mvamizi wa ardhi ya akiba anaondolewa siku hiyo hiyo, bila notisi. Msipoonekana, wa kumwondoa ni nani?"

"Jamani, thelathini tumeweza," Mbaruku akasema. "Mmoja utatushinda? Mimi nina mlio mpya, wa bundi wa mchana. Waziri ataondoka hapa mbio."

Watu wakacheka tena, na nyinyi mnajua mkutano ukishacheka mara mbili umeshaamua nini. Tulipiga kura. Pori lilishinda. Mkono wangu ulikuwa upande gani msiniulize. Ulikuwa upande wa wengi, ambako mikono hupoa.

*

Alhamisi ikafika. Magari sitini, hema tatu, bendi. Ndugu zangu, pori lile lilikuwa zuri. Nililala kwenye matuta nikaona fahari. Lilikuwa pori tulilojifunza kwa miaka thelathini, kila jani mahali pake.

Isipokuwa nyuma ya nyumba ya Bi Somoe. Pale uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Kaburi limeinuliwa udongo, limenyunyizwa maji. Kando yake jamvi, na juu ya jamvi Bi Somoe, kanga mpya, anachambua mchele kwenye ungo.

Waziri wa Mambo ya Baadaye alianza na hotuba. Alikuwa amezoea kuhutubia watu, hakujua aanzie wapi.

"Ndugu wananchi ambao hampo hapa!" akasema, na bendi ikapiga. "Mataifa mengine yamejaza ardhi yao watu, leo yanajuta. Sisi tulikuwa na hekima ya kusubiri. Tulikaa. Tukapanga. Tukapanga upya kile tulichopanga. Leo naitazama ardhi hii, naona utupu. Na utupu, ndugu zangu, si upungufu. Utupu ni mtaji! Nani aliyeutunza utupu huu? Ni wananchi! Kwa kutokuwepo kwao!"

Tukasikia makofi. Kutoka kwenye matuta upande wa pili mtu mmoja wetu alipiga makofi naye, kwa mazoea, akakamatwa mkono na jirani yake.

Kisha wakatembea kuitazama ardhi, Waziri mbele, Mwekezaji na kamera yake, Mwanasheria wa Jiji, katibu wa kumbukumbu, Lihanda nyuma akitokwa jasho. Wakazunguka kona ya kichuguu kile kilichokuwa nyumba ya Bi Somoe. Wakasimama. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, mwiba umeniingia sikioni, sikuutoa.

Bi Somoe hakuinuka. Mkubwa haanzi kuamkia. Aliweka ungo chini, akakunja mikono, akawatazama, akisubiri kama mama yeyote wa umri ule anavyosubiri wageni walioingia uani kwake.

Na yule Waziri, msimtukane, alikuwa ametoka kwenye nyumba ya watu. Alikuwa na mama. Niliona magoti yake yakianza kukunjika yenyewe, niliona mkono umeanza kwenda kwenye kofia, na mdomo umefunguka, na shikamoo ile nikaiona imefika kwenye meno.

Mwanasheria akamshika kiwiko. Alinong'ona, lakini pori lilikuwa limenyamaza, tukasikia wote.

"Mheshimiwa, ukimwamkia, umemtambua."

Mdomo wa Waziri ukabaki wazi. Kisha ukafungwa. Akaimeza.

"Ni kitu gani kile?" akamuuliza Lihanda, akitazama juu ya kichwa cha Bi Somoe.

Lihanda akavua miwani. "Kichuguu, Mheshimiwa."

Bi Somoe akamtazama Waziri, hakumtazama kwa hasira.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Katibu wa kumbukumbu akaandika: sauti ya ndege. Mwekezaji akapiga picha. Wakageuka.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kuinuka. Katika miaka thelathini na moja, hiyo ndiyo ilikuwa dakika yetu, na iliendelea muda mrefu, muda wa kutosha mtu mmoja kuinuka na kusema, Na mimi nipo. Angeinuka mmoja, wangeinuka kumi. Nilingoja aanze Mbaruku. Mbaruku, aliniambia baadaye, aliningoja mimi. Kutoka kwenye majani alitoa ule mlio wake wa bundi, mara moja, na ulikuwa umepasuka katikati.

Saa sita waliniita. Nikainuka kwenye matuta, nikajipangusa, nikasaini.

*

Tingatinga lilikuja Jumatatu. Halikutuondoa sisi, lilisafisha vichuguu. Siku tatu. Tulipopiga kelele dereva alishuka, mtu mwema, akatuonyesha hati yake ya kazi: eneo ni tupu, hivyo tusogee pembeni tusije tukaumia, tumetoka wapi?

Mahakamani wakili wetu wa msaada alisema vizuri sana. Wakili wa Jiji hakusema kitu. Aliweka mezani fomu thelathini na moja. Hakimu akazipindua moja moja.

"Mwandiko wa nani huu?"

Nikasimama.

"Uliandika ukiwa na akili timamu?"

Nikasema ndiyo, Mheshimiwa. Mara thelathini na moja.

"Basi mahakama inawaamini," akasema.

Bi Somoe alihamia kwa mpwa wake, ng'ambo ya Jiji, chumba kisicho na uwanja wa kufagia. Hapo ndipo Lihanda alipomletea barua, mwenyewe, wiki yake ya mwisho kazini. Alikataa kukaa. Aliamkia, akaitikiwa, akaweka bahasha kwenye meza, akaondoka. Mpwa akaniita nije niisome.

*Kwa: Bi Somoe binti Likwata, Mkazi wa Mchongomani. Kutokana na picha iliyowasilishwa na Mwekezaji, imebainika kwamba unamiliki kaburi ndani ya eneo la mradi. Unatakiwa uliondoe kwa gharama zako ndani ya siku kumi na nne.*

"Rudia pale mwanzo," akasema.

"Mkazi wa Mchongomani."

"Kuna muhuri?"

"Upo. Wa bluu."

Nikaruka. Nilimwambia huu ni ushahidi, kwa mkono wao wenyewe, na muhuri. Kesho tukate rufaa. Damu yangu ilichemka kama ya kijana. Yeye akaikunja ile barua mara mbili, mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Haitoki," akasema. "Ukiwapelekea, wataisahihisha."

Kaburi hakuliondoa. Siku kumi na nne zikapita, kisha mia. Alifariki mwezi wa mvua, akazikwa makaburi ya Jiji, mstari wa kumi na nane, ubavuni kwa mtu nisiyemjua jina. Wanawake waliomwosha walifungua pindo, wakaniletea kilichokuwemo. Ninacho hapa.

Mwekezaji alijenga ukuta, akakwama kwenye mambo yake huko alikotoka. Mji haukujengwa. Mpango bado una miaka sita, na Jiji linasema uko kwenye ratiba. Ardhi ya akiba lazima ikaguliwe, na fomu bado inataka mashahidi. Afisa mpya, mwembamba, alinitafuta mwaka huu Alhamisi ya pili ya mwezi wa sita. Mbaruku amekufa, wengine wametawanyika. Nilikubali kwa sababu ndiyo siku pekee lango linafunguliwa.

Niliingia kulitafuta kaburi la Mzee Mkumba. Nilitembea saa nzima, nikikanyaga taratibu, nikipapasa kwa miguu. Nyasi zimenipita kichwa. Michongoma imefunga korongo. Kwale wakaruka, wa kweli, na mahali ziliposimama nyumba sabini na nne pana vichuguu vilivyojengwa na mchwa wenyewe. Sisi katika miaka yote ile hatukuwahi kufanya pori zuri namna hiyo. Kaburi sikuliona.

"Mzee, jua linapanda," afisa akaniita kutoka hemani. "Njoo uandike, soda inapata moto."

Nikaenda, nikajipangusa. Nikaandika kwa mwandiko ule ule: *Ninathibitisha kuwa hapa haishi mtu.* Nikasaini. Na katika fomu zote nilizoiandikia nchi ile, hiyo ndiyo ya kwanza isiyo na uongo.